Kubuni paneli ya sintesaiza: mwongozo kamili, kuanzia karatasi hadi jukwaa

Sintesaiza, chombo cha kielektroniki cha kutengeneza sauti, inaweza kuwa na filta tamu kuliko zote na bado ikaishia juu ya kabati, kwa sababu kila ukitaka kupunguza ukali wa sauti inabidi upitie menyu tatu. Mwongozo huu unashughulikia ile sehemu inayokutana na mkono wa mpigaji: nobu (vishikio vya kuzungusha), vitufe, taa, skrini, maandishi, na programu inayobadilisha msogeo wa vidole kuwa sauti. Chombo tunachokijenga hapa hutoa noti moja kwa wakati. Kina osileta mbili (zinazozalisha mawimbi ya sauti), filta moja (inayopunguza ukali wa sauti), envelopu mbili (zinazoamua sauti au filta ipande na kushuka vipi kila noti inapopigwa) na LFO moja (osileta ya polepole inayoitikisa sauti), vyote vikiendeshwa na Teensy 4.1, bodi ndogo ya kompyuta, pamoja na bodi yake ya sauti (toleo D, lililotengenezwa kwa ajili ya Teensy 4). Ukitumia bodi nyingine namba za pini zitabadilika, mengine yatabaki yalivyo.

Wajenzi wengi huikosea kazi hii kwenye mfuatano. Saketi inakamilika, programu inalia vizuri, ndipo wanauliza nobu zikae wapi. Kufikia hapo pini zimeshatumika na boksi limeshanunuliwa, kwa hiyo paneli inabanwa kwenye nafasi iliyobaki. Hapa tunaanza na mkono, saketi itafuata.

Hatua ya 1: Amua ni nini kipate nobu

Andika kila kigezo cha chombo chako kwenye kipande chake cha karatasi: katofu ya filta (masafa ambapo filta inaanza kukata), rezonansi (mkazo wa sauti pale kwenye katofu), kasi ya LFO, chaneli ya MIDI (lugha ambayo vyombo vya kielektroniki hutumiana noti), kila kitu. Kisha vigawe mafungu matatu. La kwanza ni vigezo vinavyoguswa wimbo ukiwa unaendelea. La pili ni vile vinavyoguswa wakati wa kutengeneza sauti. La tatu ni vile vinavyowekwa mara moja na kusahaulika. Fungu la kwanza na la pili vipate nobu au kitufe chake, la tatu liingie kwenye menyu.

Vyombo viwili vya zamani vinaonyesha vizuri ncha mbili za uamuzi huu. Minimoog Model D ya mwaka 1970 ina nobu moja kwa kila kazi, na paneli yake inasomeka kutoka kushoto kwenda kulia kama sauti yenyewe inavyosafiri: vidhibiti, osileta, mixa, filta na envelopu, halafu towe. Yamaha DX7 ya 1983 ilikwenda upande wa pili kabisa: vitufe bapa, slaida moja ya kuingizia thamani, na skrini ya mistari 2 ya herufi 16, huku nyuma yake kukiwa na vigezo zaidi ya 140. DX7 iliuzwa sana na sauti zake zilijaa redioni miaka ya 1980, lakini wapigaji wengi walibaki na zile zile za kiwandani. Kuibadilisha sauti moja ilikuwa kazi ya kukaa chini na kalamu. Hata kama hesabu zako za sauti ni tata kama zake, usiuonyeshe utata wote juu ya meza.

Kwa chombo chetu, fungu la nobu linatoka hivi: detyuni ya osileta ya pili (kuipandisha au kuishusha kidogo isilingane na ya kwanza), mchanganyiko wa osileta mbili, katofu, rezonansi, kiasi cha envelopu kwenye filta, nobu nne za envelopu ya filta (A, muda wa kupanda; D, muda wa kushuka; S, kiwango cha kudumu; R, muda wa kufa baada ya kuachia), nne za envelopu ya sauti, kasi na kina cha LFO, na mtelezo wa noti. Jumla ni 16. Namba hiyo imelengwa, kwa sababu multipleksa moja ya CD74HC4067 (chipu inayopitisha njia nyingi kwa zamu kwenye pini moja) inasoma njia 16 kamili. Nobu ya 17 ni ya sauti ya jumla, nayo haipiti kwenye programu kabisa: ni potensiometa (rezista ya kuzungusha iliyo chini ya nobu) ya kawaida iliyowekwa baada ya bodi ya sauti. Programu ikiganda au filta ikianza kupiga mayowe jukwaani, lazima kuwe na nobu moja inayopunguza sauti bila kumwomba mtu ruhusa.

Kinachoingia kwenye menyu: kiasi cha kelele, chaneli ya MIDI, upana wa gurudumu la pichi, unyeti wa vidole, na tyuni ya kila noti kati ya noti 12. Usidharau hiyo ya mwisho. Anayetaka kupiga maqam (mizani za noti za Kiarabu) za taarabu ya zamani anahitaji kushusha noti fulani kwa senti 50, yaani nusu ya nusutoni, na bila menyu hiyo chombo hakimfai.

Hatua ya 2: Chora paneli kwa vipimo halisi

Tumia programu yoyote ya kuchora inayokubali milimita, kama Inkscape. Paneli yetu ni alumini ya mm 2, upana mm 284 na kimo mm 120. Upana huo unatoka kwenye hesabu ifuatayo: safu wima 11 za vidhibiti zenye mm 22 kati ya kitovu na kitovu zinatoa mm 220, nafasi nne za kutenganisha makundi, mm 6 kila moja, zinaongeza 24, na mm 20 kila upande zinamalizia. Faida ni kwamba mchoro wote unaenea kwenye karatasi moja ya A4 iliyolazwa.

Safu wima zinakwenda hivi kutoka kushoto: ya 1 ni vitufe viwili vya umbo la wimbi, kimoja juu ya kingine, ya 2 detyuni na mchanganyiko, ya 3 na ya 4 zinamezwa na nobu moja kubwa ya katofu, ya 5 rezonansi na kiasi cha envelopu, ya 6 hadi ya 9 envelopu mbili, ya filta juu na ya sauti chini, ya 10 kasi na kina cha LFO, ya 11 mtelezo juu na sauti ya jumla chini. Vitovu vya safu ya chini viwe mm 22 kutoka ukingo wa chini, vya safu ya juu mm 52, na mstari wa skrini, enkoda (nobu isiyo na mwisho, ya kuchagulia kwenye menyu) na vitufe vilivyobaki uwe mm 90 hivi. Katofu ikae katikati ya safu mbili, mm 37.

Nobu ndogo ziwe za kipenyo cha mm 13. Kwa nafasi ya mm 22, inabaki mm 9 kati ya nobu na jirani yake, kiasi cha kutosha kidole kupita bila kuisukuma nyingine. Ukishuka hadi mm 16 kati ya vitovu utaokoa upana wa boksi, lakini kila atakayegeuza rezonansi ataisogeza na katofu kidogo. Katofu ipewe nobu ya mm 30, kwa kuwa ndiyo inayoguswa kuliko zote, na ukubwa unampa mkono uwezo wa kuigeuza polepole. Pia mpigaji asiyeona, au yeyote aliye kwenye giza, ataipata kwa kupapasa na kuhesabu nyingine kuanzia hapo.

Maandishi yanataka umakini zaidi ya yanavyopewa. Swali la kwanza ni kama yakae juu ya nobu au chini yake. Chukua nobu ya urefu wa mm 15 kwenye paneli iliyolala bapa mezani, ukiitazama kwa pembe ya digrii 45: inaficha mm 15 za paneli nyuma yake. Kati ya safu zetu mbili, kutoka ukingo wa nobu ya chini hadi ukingo wa nobu ya juu, kuna mm 17 tu. Maana yake karibu kila neno lililo katikati linapotea, liwe la nobu ya juu au ya chini. Inua paneli kwa digrii 20 na sehemu inayofichwa inashuka hadi mm 7. Sasa weka neno mm 4 chini ya nobu yake, kwa herufi za kimo cha mm 3: litakuwa mm 10 mbele ya nobu ya safu ya chini, nje kabisa ya kivuli chake, na litakuwa karibu na nobu yake mwenyewe kuliko ya jirani. Mkono utalifunika wakati wa kugeuza, ni kweli, lakini jina linasomwa kabla ya kugusa, na ukishagusa skrini italionyesha.

Kwa chombo cha kusimama wima, kama moduli za Eurorack (vipande vya sintesaiza vinavyofungwa kwenye fremu), hesabu hiyo inageuka: hapo maandishi yakae juu ya nobu.

Rangi: maandishi meupe juu ya paneli nyeusi, au meusi juu ya nyeupe. Usiandike kwa nyekundu juu ya nyeupe. Taa nyekundu za jukwaani zinaifanya nyeupe nayo ionekane nyekundu, na maneno yote yanayeyuka. Alama za kipimo kuzunguka nobu ziwe 11, kutoka 0 hadi 10. Usikadirie mzunguko wa potensiometa, upime: zipo za digrii 300 na zipo za 280, na tofauti hiyo inatosha kuifanya 10 isigusane kamwe na mstari wa nobu. Mwanzo ukae usawa wa tarakimu 7 kwenye uso wa saa ya ukutani, na mwisho usawa wa tarakimu 5.

Hatua ya 3: Jaribu kwa karatasi na vizibo

Chapisha mchoro kwa asilimia 100. Programu nyingi za kuchapisha hupunguza ukurasa zenyewe ili uenee kwenye karatasi, hivyo weka kwenye mchoro mstari wa mm 100 na uupime kwa rula kabla ya kuamini chochote. Ukitoka mm 97, zima ule mpangilio wa kuenea na uchapishe tena.

Bandika karatasi kwenye kadibodi, iinue kwa digrii 20, gundisha vifuniko vya dawa ya meno mahali pa nobu ndogo na kizibo cha soda mahali pa katofu (kizibo kina karibu mm 30, kinafaa kabisa). Mwite mtu anayepiga kinanda na umpe kazi bila maelezo: tengeneza besi fupi na kavu, fungua filta polepole kwa mapigo 16, zima mtikisiko wa LFO, fanya noti ife taratibu baada ya kuachia. Kaa kimya na uandike kila mara mkono unapokwenda mahali pasipo sahihi. Watu watatu wakienda kwenye nobu ile ile isiyo sahihi, aliyekosea ni mchoro. Kuhamisha kizibo ni kazi ya dakika moja, tundu kwenye alumini halirudi.

Hatua ya 4: Kusanya vifaa

Teensy 4.1 moja na bodi yake ya sauti. Multipleksa CD74HC4067 moja. Potensiometa 16 za kilo-omu 10, za mstari ulionyooka (B10K), na moja ya stereo ya kilo-omu 10 ya logi (A10K) kwa sauti ya jumla. Kapasita 16 za nanofaradi 100. Enkoda ya EC11 yenye kitufe ndani yake. Vitufe vitano vya kubonyeza na kuachia: mawimbi mawili, LFO inaelekea wapi, Hifadhi, na Linganisha. Taa za LED 10 za mm 3, nyekundu, njano au kijani, na rezista 10 za kilo-omu 1. Skrini ya OLED ya SSD1306, nukta 128 kwa 64.

Potensiometa, ambazo mafundi redio huziita voliumu tu, huchanganywa sana madukani. Zipime kwa mita kabla ya kuondoka: weka nobu katikati, pima pini ya kati na ya pembeni. B10K itasoma karibu kilo-omu 5. Ikisoma kilo-omu 1 au 1.5, umepewa ya logi. Ukifunga ya logi kwenye katofu, nusu ya mzunguko itakuwa kama haifanyi kitu na robo ya mwisho itaruka kama imechomwa sindano. Mikunjo, yaani jinsi thamani inavyofuata mzunguko wa nobu, tunaitengeneza kwenye programu, ambako inabadilishwa bila kuchomoa solda.

Kwa LED, kilo-omu 1 kwenye volti 3.3 inatoa mkondo wa miliampea 1.3 hivi kwa taa nyekundu. Inaonekana kidogo, lakini taa za siku hizi zina mwanga mkali, na za rezista ya omu 220 zinamchoma macho mpigaji kwenye chumba chenye giza.

Hatua ya 5: Toboa na funga

Gundisha karatasi ya mchoro kwenye alumini, piga alama ya kila kitovu kwa msumari wa chuma na nyundo ndogo, toboa kwanza kwa keekee ya mm 3, kisha ya mm 7. Tundu la mm 7 linafaa kwa potensiometa zenye shingo ya M7 na kwa EC11 pia. Vitufe vipime kwa kalipa, maana kila duka lina aina yake. Bana alumini kwenye ubao usio na thamani. Ukiishika kwa mkono, keekee ikinasa itaizungusha na kukukata. Toa makali ya matundu kwa tupa au keekee kubwa inayozungushwa kwa mkono.

Potensiometa nyingi zina ulimi mdogo pembeni mwa shingo wa kuzuia zisizunguke. Utobolee tundu lake la mm 3 au uvunje kwa koleo. Ukiuacha bila tundu, potensiometa inakaa upande, na nobu inayumba inapozungushwa.

Kama potensiometa zinakaa kwenye ubao wa saketi, usizichome solda mapema. Zipachike kwenye ubao bila solda, vaa paneli juu, kaza nati zote, hakikisha kila shingo imenyooka, ndipo uchome. Ukichoma kwanza, nusu milimita ya tofauti inatosha paneli ikatae kuingia, au iingie kwa nguvu na kuvunja njia za shaba miezi michache baadaye.

Hatua ya 6: Waya

Pini moja ya pembeni ya kila potensiometa iende volti 3.3, nyingine ardhini (volti 0), ya kati iende kwenye njia yake ya multipleksa. Zingatia: pini za Teensy 4.1 hazivumilii volti 5. Potensiometa moja ikichomekwa kwenye laini ya USB badala ya 3.3, bodi imekwenda. Multipleksa nayo ipewe 3.3.

Pini nne za kuchagulia njia ziende kwenye pini 2, 3, 4 na 5 za Teensy, na towe la multipleksa kwenye pini 14. Bodi ya sauti imeshachukua 7, 8, 18, 19, 20, 21 na 23, na kisomeo chake cha kadi kinatumia 10 hadi 13. Skrini iweke kwenye laini ya pili ya I2C (waya mbili ambazo chipu huwasiliana kwazo), pini 16 na 17, isigombanie njia na chipu ya sauti.

Kapasita za nanofaradi 100 zikae kila moja kati ya pini ya kati ya potensiometa na ardhi. Usiweke kapasita moja kwenye towe la pamoja la multipleksa kwa kudhani umeokoa 15. Kapasita hiyo itabeba chaji ya njia iliyotangulia, na ukigeuza rezonansi utaona katofu nayo inasogea. Watu wamebadilisha bodi nzima wakitafuta ubovu huu.

Waya wa ardhi wa taa na skrini uwe mbali na ule wa potensiometa, ukutane nao mahali pamoja tu, kwenye Teensy. Bila hivyo utasikia mlio mwembamba kila skrini inapojichora upya.

Hatua ya 7: Soma nobu bila mtetemo

Weka usomaji wa biti 12, yaani thamani 0 hadi 4095, na wastani wa mara nne. Chagua njia, subiri mikrosekunde 10, soma, nenda inayofuata. Lenga kuzisoma zote 16 kila milisekunde 1 au 2.

Thamani ghafi haitulii. Hata usipoigusa nobu itacheza namba chache juu na chini, na ukizituma hivyo kwenye MIDI utaijaza laini: ujumbe mmoja wa baiti 3 unachukua karibu milisekunde moja kwa kasi ya biti 31,250 kwa sekunde, hivyo nobu 16 zinazotetemeka zinatosha kuchelewesha noti. Weka kizingiti: usikubali badiliko lililo chini ya 8. Zinabaki hatua 512, na hizo ni nyingi.

Potensiometa hazifiki mwisho halisi. Nyingine inaishia 6, nyingine 4081. Chochote chini ya 20 kihesabu sifuri, na juu ya 4075 kihesabu ndiyo mwisho. Usipofanya hivyo, S ya envelopu ikiwa sifuri bado itaacha sauti ikinong'ona, na utaitafuta kelele hiyo kwenye saketi ya sauti ambako haipo.

Thamani iliyopita kizingiti bado inaenda kwa hatua. Fikiria katofu ya MIDI yenye hatua 128 tu juu ya masafa ya oktava 10: kila hatua ni karibu nusutoni nzima, na rezonansi ikiwa juu sikio linasikia ngazi, drrrr, badala ya mteremko. Dawa ni kulainisha. Kila milisekunde, ongeza kwenye thamani ya sasa sehemu ya kumi ya tofauti kati yake na thamani inayolengwa. Inatoa ulaini wa karibu milisekunde 10: mkono hauuhisi, na ngazi zinapotea. Katofu, mchanganyiko, kina na rezonansi zilainishwe. Muda wa A, D na R hauhitaji.

Hatua ya 8: Mikunjo

Hapa ndipo nobu inapopata hisia ya kuwa ya muziki. Chukua msimamo wa nobu kama x, kati ya 0 na 1.

Katofu: hezi 20 mara 1000 kwa kipeo cha x. Katikati ya mzunguko unapata hezi 632, na mwisho hezi 20,000. Ukiiacha iende kwa mstari ulionyooka, katikati itakuwa hezi 10,010, na eneo lote la besi na sauti ya mtu litabanwa kwenye kipande kidogo cha mwanzo.

Muda wa envelopu: milisekunde 1 mara 10,000 kwa kipeo cha x. Katikati ni milisekunde 100, mwisho ni sekunde 10.

Kasi ya LFO: hezi 0.05 mara 600 kwa kipeo cha x, inayoishia hezi 30. Kikomo hicho kina sababu. Singeli ya Dar es Salaam hupita kwa urahisi mapigo 200 kwa dakika, na kwa mapigo 300 nusu ya nusu ya kila pigo inakuja mara 20 kwa sekunde. Vyombo vinavyoishia hezi 10 haviwezi kuifuata.

Detyuni inataka mkunjo wa peke yake. Utamu wa osileta mbili kupigana uko kwenye senti chache za mwanzo, lakini pia unataka uwezo wa kwenda oktava nzima. Tumia senti 1200 mara (2x − 1) kwa kipeo cha 3. Nobu ikiwa 0.6 unapata senti 9.6, ikiwa 0.75 unapata 150. Katikati weka eneo mfu la asilimia 2 kila upande, lihesabiwe sifuri kamili, la sivyo hakuna atakayeweza kuzirudisha osileta kwenye tyuni moja. Kiasi cha envelopu, chenye hasi na chanya, nacho kipewe eneo hilo.

Hatua ya 9: Sauti iliyohifadhiwa dhidi ya nobu ilipo

Tatizo hili ni la tangu vyombo vilipoanza kuwa na kumbukumbu, kama Prophet-5 ya 1978. Unafungua sauti iliyohifadhiwa ambayo katofu yake ni 0.6, lakini nobu imesimama kwenye 0.2. Ukiigusa, nini kitokee?

Kuna njia tatu. Ya kwanza ni kuruka: thamani inakwenda moja kwa moja pale nobu ilipo. Inaeleweka haraka, ila mruko wa katofu katikati ya wimbo unasikika hadi nje. Ya pili ni kusubiri: nobu haifanyi kitu hadi ipite kwenye thamani iliyohifadhiwa. Ni salama, lakini mpigaji anageuza, hasikii chochote, anadhani chombo kimekufa. Ya tatu ni nisbati, na ndiyo tunayoipendekeza kwa nobu zote 16. Nobu ikiwa p na thamani ikiwa v, ukigeuza juu kwa d, ongeza d mara (1 − v) gawa kwa (1 − p). Ukigeuza chini, punguza d mara v gawa kwa p. Kwa mfano wetu, kupanda 0.1 kunaongeza 0.05, kushuka 0.1 kunapunguza 0.3. Sauti inajibu papo hapo, haipingani na upande unaogeuzia, na nobu na thamani vinakutana kwenye mwisho wowote utakaofikia. Tumia p ya kabla ya kugeuza, na uikague isiwe sifuri au moja pale inapogawa.

Kitufe cha Linganisha kikibonyezwa mara moja kirudishe sauti kama ilivyohifadhiwa. Kikibanwa kwa sekunde moja, nobu zote zisomwe zilivyo na sauti ifuate paneli. Kitufe cha Hifadhi kikubali kubanwa tu, sekunde moja kamili, skrini ikionyesha mstari unaojaa. Kitufe cha kuhifadhi kinachofanya kazi kwa mguso mmoja kitafuta sauti ya mtu kabla wiki haijaisha.

Hatua ya 10: Skrini

Nobu ikisogea, onyesha jina lake kwa herufi kubwa na thamani kwa kipimo halisi: hezi, milisekunde, senti. Chini yake weka mstari wenye alama mbili, thamani ilipo na nobu ilipo. Baada ya sekunde 1.5 rudi kwenye jina la sauti. Menyu isizidi ngazi mbili: enkoda inachagua, kitufe chake kinaingia, kubanwa kunatoka.

Kuna mtego wa muda. Picha nzima ya SSD1306 ni baiti 1024, na kwa I2C ya kilohezi 400 inachukua takriban milisekunde 23 kutumwa. Kwenye kilohezi 100, ambayo ndiyo kasi ya msingi ya I2C, ni zaidi ya milisekunde 90. Sauti yenyewe haitakatika, kwa kuwa maktaba ya sauti ya Teensy inafanya kazi yake kwa kukatiza (inasimamisha programu nyingine kidogo ili ipite kwanza), lakini noti za MIDI zinazopokelewa kwenye mzunguko mkuu zitasubiri, na mpigaji atalalamika kuwa kinanda "kizito" kila anapogusa nobu. Weka kilohezi 400, igawe picha kwenye kanda nane za baiti 128, na utume ukanda mmoja kila mzunguko. Kila mmoja unachukua karibu milisekunde 3. Usichore zaidi ya mara 20 kwa sekunde.

Taa zibaki na kazi chache: mawimbi (msumeno, mraba, pembetatu) kwa kila osileta, LFO inaelekea wapi, na taa moja inayopepesa kwa kasi ya LFO. Hii ya mwisho inaokoa maneno mengi. Mtu anaona mtikisiko unaenda kasi gani hata kina kikiwa sifuri.

Hatua ya 11: Jaribio la mwisho

Rudia kazi zile zile za hatua ya 3, safari hii kwenye chombo halisi. Kisha zima taa za chumba na umwombe mpigaji afunge filta na kuifungua. Washa taa nyekundu, usome kila neno. Tuma noti haraka kutoka kwenye kompyuta huku nobu mbili zikizungushwa pamoja, na usikilize kama kuna inayochelewa au inayokwama. Kwa zinazokwama, Hifadhi na Linganisha zikibonyezwa pamoja zizime noti zote, na chombo kiitikie pia ujumbe wa MIDI namba 123 unaofanya kazi hiyo hiyo. Iache ikiwaka usiku kucha ikiwa imeunganishwa na kompyuta inayorekodi MIDI. Asubuhi, kama nobu yoyote imetuma ujumbe bila kuguswa, pandisha kizingiti chake kutoka 8 hadi 12, au kagua kama kapasita yake imeshika vizuri kwenye solda.